Kijana kapigwa ubavuni, mkojo umebadilika rangi: mwongozo wa mzazi na kocha

Kila Jumamosi nikimaliza kufunga bandeji pembeni ya kiwanja, kuna mzazi mmoja au wawili wanaonisubiri. Maswali yao yanafanana. "Mtoto alikojoa damu juzi, jana mkojo ukawa safi, basi amepona?" "Kijana wa miaka 16 anaweza kweli kuwa na tansio?" "Nimpe diklo kabla ya mechi ili asisikie maumivu?" (Tansio ni presha ya damu; diklo ni diklofenaki, dawa ya maumivu.) Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimesaidia timu za vijana za mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi. Nimejibu kwa mdomo mpaka nikaona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, uyasome taratibu, na ukitaka umwonyeshe kocha wa mtoto wako.

Nalisema jambo kubwa mapema, kwa kuwa wengine hawatafika mwisho: figo iliyoumia inaweza kupandisha tansio wakati maumivu yameshaisha na mkojo umeshakuwa safi. Kwa hiyo kazi haiishii kwenye mkojo. Unapima tansio, unaandika, na unaendelea kupima kwa majuma kadhaa.

Nilifundishwa hili na golikipa mmoja wa miaka 17. Alipigwa goti ubavuni, upande wa kushoto, akiruka kudaka kona. Siku mbili alikojoa mkojo wa rangi ya chai, siku ya tatu ukawa safi, na sote tukafurahi, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna aliyempima tansio. Wiki ya tano akaanza kulalamika kichwa kila asubuhi. Mama yake akadhani ni malaria, akanunua dawa ya malaria. Nilipomfunga mkanda wa mashine mkononi ikatoka 164/102. Nikangoja, nikapima tena: 160/100. Ekografi, yaani picha ya ultrasaundi, ikaonyesha damu iliyoganda imeibana figo, ndani ya ngozi nyembamba inayoifunika. Sitaki mama mwingine apoteze wiki nzima akitibu malaria isiyokuwepo.

Usisome kwanza, nenda hospitali sasa hivi, ikiwa:

- kijana amepauka, anatoka jasho la baridi, anasikia kizunguzungu akisimama, au mapigo ya moyo yanakimbia hata akiwa amelala;
- mkojo ni mwekundu kabisa, una mabonge ya damu, au hautoki kabisa;
- maumivu ya ubavu yanazidi badala ya kupungua, tumbo limekuwa gumu, au anatapika bila kukoma;
- ana kichwa kikali, macho hayaoni vizuri, amechanganyikiwa au ametetemeka kifafa, hasa kama tansio iko juu;
- alianguka toka juu au kwenye pikipiki, hata kama anasema hajambo.

Mengine yote hapa chini ni kwa yule anayetembea, anayeongea na anayekojoa.

Kidogo tu kuhusu figo

Weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma. Figo ziko juu kidogo ya vidole gumba, moja kila upande wa uti wa mgongo, zikijificha nusu chini ya mbavu za mwisho. Kwa mtoto hazijakingwa vizuri: mafuta yanayozizunguka ni machache, mbavu bado ni laini, na figo yenyewe ni kubwa ukilinganisha na mwili wake. Goti, kiwiko, ngumi au usukani wa baiskeli vinatosha kuiumiza. Na baiskeli usiidharau. Wazazi huogopa ngumi na mpira, lakini katika hesabu za watoto zilizokusanywa Marekani, baiskeli ndiyo iliyoumiza figo mara nyingi kuliko mchezo mwingine.

Tansio inaingiaje? Figo ikibanwa na damu iliyoganda, au mshipa wake ukijeruhiwa, damu inayoifikia hupungua. Basi inafanya kama mwili mzima umepungukiwa damu: inatoa kitu kiitwacho renini, mishipa inajibana, chumvi inabaki mwilini, tansio inapanda. Dokta mmoja Mmarekani, Irvine Page, alilionyesha hilo mwaka 1939 kwa kufunga figo za wanyama na karatasi ya selofani. Mwaka 1955 yeye na mwenzake Engel wakaeleza habari za kijana aliyeumia figo akicheza mpira wa Kimarekani, tansio yake ikapanda vilevile. Madaktari wetu huiita kwa Kifaransa *rein de Page*, yaani figo ya Page. Lishike jina hilo, litakusaidia kwenye hatua ya 6.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya kupima tansio inayofungwa juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono iache, inadanganya kirahisi. Timu nzima inaweza kuchangia mashine moja.
- Mikanda ya ukubwa mbili. Wa kawaida hufaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Kijana mwembamba anahitaji mdogo. Bondia mwenye misuli anaweza kuhitaji mkubwa.
- Utepe wa fundi cherehani, wa kupimia huo mzunguko wa mkono.
- Chupa ya maji ya plastiki isiyo na rangi, iliyokatwa shingo, na karatasi nyeupe.
- Daftari na kalamu. Simu inapotea, inaibiwa, inaisha moto. Daftari linabaki.
- Mizani ya kupimia uzito, kama ipo.
- Parasetamoli, na hiyo tu.

Hatua ya 1. Mtoe uwanjani, na siku hiyo asirudi

Aliyepigwa ubavuni akabaki chini zaidi ya dakika moja ametoka kwenye mechi. Usimwulize kama anaweza kuendelea, atakuambia ndiyo. Hata mimi ningesema ndiyo nikiwa na miaka 16 na dada zangu wananiangalia. Mlaze kivulini, umwinue jezi, utazame ngozi ya ubavu na mgongo. Kuna mchubuko? Uvimbe? Gusa polepole chini ya mbavu za mwisho, kwanza upande usiopigwa, kisha uliopigwa. Akiruka kwa maumivu upande mmoja tu, chukulia kwamba figo imeguswa mpaka ithibitishwe vingine.

Usimkande. Nimeona wazee wenye nia njema wakimsugua kijana ubavuni kwa mafuta ya moto na kumbonyeza kwa kisigino cha mkono "ili damu isambae". Kama ndani kuna kidonda kinachovuja, unakifungua zaidi.

Hatua ya 2. Utazame mkojo kwa macho yako

Hapa ndipo wengi wanakosea. Choo cha shimo kina giza, na kijana akikuambia "mkojo ni mzuri" hajauona. Mpe ile chupa iliyokatwa. Akikojoa, iweke mbele ya karatasi nyeupe, juani, uitazame kwa ubavu. Njano ya majani makavu ni sawa. Njano iliyokolea ni upungufu wa maji. Waridi, nyekundu, rangi ya chai ya rangi au ya Coca ni dalili mbaya. Tazama pia chini ya chupa kama kuna nyuzi au vibonge vyeusi.

Andika saa na rangi. Tazama mkojo wa kwanza baada ya kupigwa, kisha kila mkojo kwa siku tatu, usiku pia. Ukiona rangi mbaya hata mara moja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na mkojo kwenye chupa safi yenye kifuniko.

Tahadhari: mkojo safi haumaanishi figo ni nzima. Pigo kali linaweza kukata au kuziba mshipa wa figo bila tone la damu kuonekana kwenye mkojo. Ndiyo sababu hatua ya 4 ni ya kila aliyepigwa vibaya, awe amekojoa damu au hapana.

Hatua ya 3. Dawa ya maumivu: parasetamoli, basi

Usimpe ibuprofen. Usimpe diklo, iwe kidonge au sindano. Najua diklo inapatikana kila kona, najua inafanya kazi haraka, na najua hata wauguzi wenzangu huichoma bila kuuliza. Lakini dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo iliyopigwa au mwili uliokauka maji hauwezi kuvumilia hilo. Tena zinapandisha tansio, kwa hiyo zinakuvurugia hata vipimo vyako.

Kijana wa kilo 50 na zaidi: parasetamoli miligramu 500 hadi 1000, kila baada ya masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mwepesi zaidi, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Kama dozi hiyo haitoshi kutuliza maumivu, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali, si ya kuongeza dawa.

Na lile swali la kumeza diklo *kabla* ya mechi? Hapana. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wakimbiaji wa mbio za kilomita 80. Kati ya waliomeza ibuprofen, 52 kwa 100 walionyesha dalili za figo kuumia. Kati ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, 34 kwa 100. Mbio peke yake zilishazichosha figo, na dawa ikaongeza mzigo. Kijana wa Katuba anayecheza mechi mbili kwa siku moja kwenye jua la Oktoba hana tofauti kubwa na hao.

Hatua ya 4. Pima tansio, vizuri

Nitakaa hapa kidogo, kwa maana kipimo kibaya ni kibaya kuliko kutopima. Kinaweza kumtisha mzima au kumtuliza mgonjwa.

Usipime uwanjani mara tu mchezo ukiisha. Tansio ya mtu aliyetoka kukimbia iko juu na haikuambii kitu. (Kama amezimia au amepauka, huo ni mchezo mwingine: unapima hapohapo ukiogopa tansio *iliyoshuka*, na gari lishaitwa.) Kwa kipimo cha kawaida ngoja angalau nusu saa baada ya mazoezi, kahawa, sigara au kinywaji cha kuongeza nguvu. Asubuhi nyumbani ni bora zaidi.

a) Akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa kinapandisha namba.

b) Akae kwenye kiti chenye mgongo, aegemee, miguu chini, asikunje nne. Dakika 5 za kimya. Bila simu, bila redio, bila kaka yake kumsimulia mechi ya Mazembe.

c) Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, uchague mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa tansio ya juu isiyokuwepo. Mkubwa kwenye mkono mwembamba unaficha ile iliyopo.

d) Funga mkanda juu ya ngozi, si juu ya jezi, sentimita mbili juu ya kiwiko. Kidole chako kimoja kipite chini yake, viwili visipite kirahisi. Mkono uwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda.

e) Asiongee. Bonyeza. Andika. Ngoja dakika moja. Bonyeza tena. Ngoja, mara ya tatu. Kipimo cha kwanza kiache, chukua wastani wa viwili vya mwisho.

f) Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Baadaye tumia ule uliotoa namba kubwa, uleule kila siku.

Hatua ya 5. Soma namba

Hapa kwetu vituo vingi husema tansio kwa mtindo wa Kifaransa: "12 kwa 8", "14 kwa 9". Mashine yako itaandika 120/80 na 140/90. Ni kitu kilekile, zidisha kwa kumi.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, namba ambazo madaktari wa watoto wa Marekani wanafuata tangu 2017 ni hizi:

- chini ya 120/80: nzuri;
- ya juu 120 hadi 129, ya chini isiyofika 80: imepanda kidogo, endelea kupima;
- kuanzia 130/80: ni tansio ya juu, kama inarudi siku tatu tofauti;
- kuanzia 140/90: tansio ya juu ya daraja la pili. Kama alipigwa ubavuni, usingoje siku tatu; mpeleke wiki hiyohiyo, na kama ana kichwa au kichefuchefu, leo;
- kupita 180/120: hospitali sasa hivi, hata kama anacheka.

Namba moja tu kati ya mbili ikifika kiwango cha juu, hesabu kiwango hicho. 128/92 si nzuri kwa sababu ya 92.

Mtoto chini ya miaka 13 ana meza zake, zinazofuata umri, urefu, na kama ni wa kike au wa kiume. Usijaribu kuzisoma mwenyewe. Ukipata 120/80 au zaidi mara mbili, peleka daftari kwa dokta.

Nasikia sana: "Ni kijana, ana nguvu, tansio ni ya wazee." Kwa mzee tansio mara nyingi haina chanzo kimoja unachoweza kukishika. Kwa mtoto na kijana, lazima mtu aulize chanzo, na figo ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Hatua ya 6. Kwenye kituo cha afya: sema nini, omba nini

Usiseme "mtoto anaumwa mgongo", utarudi na diklo. Sema hivi: "Alipigwa goti ubavuni kushoto, Jumapili saa kumi. Mkojo ulikuwa rangi ya chai mara tatu. Tansio yake ya leo asubuhi ni 134/86. Daftari ni hili." Muuguzi mwenzangu akisikia hivyo anajua pa kuanzia.

Omba kipimo cha mkojo kwa bandeleti (kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi), ni cha bei ndogo na kinapatikana karibu kila kituo. Halafu kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na ekografi ya figo. Ikiwa mkojo ni mwekundu wazi, au tansio imeshuka, au ekografi ina mashaka, atahitaji skana (picha ya CT), na hiyo inamaanisha hospitali kubwa kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Ikiwa majuma yamepita na tansio ndiyo iliyopanda, uliza kwa adabu: "Dokta, inaweza kuwa *rein de Page*?" Hakuna dokta mzuri atakayechukia swali hilo.

Jambo la kukutuliza: figo nyingi zilizopigwa bila kutobolewa hupona zenyewe kwa kulala na kuangaliwa, bila upasuaji.

Hatua ya 7. Kalenda ya daftari

Hii ni kalenda ninayotumia na vijana wangu, pamoja na miadi ya dokta; haichukui nafasi ya miadi hiyo:

- siku 3 za kwanza: asubuhi na jioni;
- hadi mwisho wa mwezi wa kwanza: mara mbili kwa wiki;
- mwezi wa pili na wa tatu: mara moja kwa wiki;
- baadaye, hadi mwaka utimie: mara moja kwa mwezi.

Kila mstari uwe na tarehe, saa, namba za tansio, rangi ya mkojo, na dawa aliyomeza. Mama wa yule golikipa aliongeza safu yake mwenyewe: "kichwa: ndiyo/hapana". Nimeiiba, sasa naiweka kwenye daftari za wote.

Hatua ya 8. Kurudi kucheza

Maadamu mkojo una damu inayoonekana: kulala, kutembea ndani ya nyumba, hakuna shule ya kwa miguu, hakuna kuchota maji kwenye foraji (kisima cha kuchimbwa), hakuna pikipiki. Ndiyo, hata kichwani asibebe ndoo. Damu ikiacha, shughuli nyepesi.

Michezo ya kugongana (mpira, ngumi, judo, basketi) mara nyingi hungoja kati ya wiki 6 na miezi 3, kufuatana na ukubwa wa jeraha. Anayeruhusu ni dokta aliyeona picha, si kocha na si mimi. Na tansio ikiwa bado 140/90 au zaidi, asinyanyue vyuma wala asipande ulingoni mpaka iteremke.

Mkojo mweusi bila kupigwa

Nusu ya wanaonijia hawakupigwa na mtu. Walifanya mazoezi makali mno. Kocha mpya amefika, anataka kuonyesha ukali, pushapu 200 siku ya kwanza baada ya likizo. Kesho yake mapaja yamevimba, hayashikiki, na mkojo una rangi ya Coca. Huo si uchovu. Misuli imepasuka, na vipande vyake vinaziba figo. Ukiona hivyo ni hospitali siku hiyohiyo, atahitaji maji ya mshipani. Kijana mwenye AS, yaani aliyerithi chembe ya ugonjwa wa SS (selimundu) kwa mzazi mmoja tu, yuko kwenye hatari zaidi hapa. Anaweza kucheza, lakini apandishwe mazoezi polepole, apumzike anapoomba, anywe maji.

Halafu kuna koo na vipele. Mtoto aliumwa koo wiki moja au mbili zilizopita, au alikuwa na vidonda vya ngozi mwezi uliopita. Leo ameamka uso umevimba machoni, mkojo ni wa rangi ya Coca, tansio iko juu. Ni figo zimewaka kutokana na ule ugonjwa wa koo au wa ngozi. Hata kama hajagusa mpira mwezi mzima, mpeleke.

Mkojo wa rangi ya Coca pamoja na homa, au baada ya kumeza kwinini, ni hatari nyingine: malaria imevunja damu. Hospitali, bila kungoja.

Na mabondia wanaotaka kushusha kilo kabla ya kupimwa: kukimbia na makoti mawili juani, kukaa bila maji, kumeza furosemidi "ya kukojoa". Hiyo inazikausha figo, na dawa hizo za kukojoa zimekatazwa katika michezo duniani kote. Kilo zishushwe kwa majuma, mezani, kwa kupunguza bukari (ugali) na mafuta.

Kuhusu maji, kanuni yangu ni mizani. Mpime kabla na baada ya mazoezi, akiwa na kaptura tu. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya maji. Kijana wa kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo 1,2 amekauka. Wiki ijayo anywe zaidi wakati wa mazoezi. Akiongezeka uzito, amekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, sogeza mazoezi yaanze saa kumi na moja jioni au saa kumi na mbili asubuhi.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kumpa kijana mitishamba ya "kusafisha figo" au lavema ya majani, yaani dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Baadhi ya majani hayo huumiza figo nzima, sembuse iliyopigwa. Kumnywesha lita tano ili mkojo uwe mweupe: unauosha rangi, na dokta anakosa alama. Kumeza dawa ya tansio ya bibi. Nasema tena, ya bibi! Dozi yake na chanzo chake ni tofauti, na baadhi ya dawa hizo ni hatari kwa figo iliyokosa damu. Na kupima siku tatu, kuona 118/74, kisha kulitupa daftari.

Ukikwama

*Namba zinarukaruka: 141, 122, 133.* Rudi hatua ya 4. Mara nyingi aliongea, au hakupumzika, au betri zimeisha. Ukibadilisha betri na bado zinaruka, pima mkono wako mwenyewe. Nawe ukirukaruka, tatizo ni mashine.

*Kwenye kituo iko juu, nyumbani iko chini.* Hofu ya koti jeupe ipo kweli. Peleka daftari la siku saba, asubuhi na jioni. Usiamue mwenyewe kwamba ni hofu.

*Mkojo ni wa machungwa au mwekundu lakini bandeleti haioni damu.* Uliza dawa na chakula: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hufanya hivyo, na bitrave nyekundu (biti) pia.

*Bandeleti inaonyesha damu, lakini hadubini haioni chembe za damu.* Huenda ni misuli iliyopasuka au damu iliyovunjwa. Mwambie dokta kuhusu mazoezi na homa.

*Bandeleti inaonyesha damu kidogo baada ya mazoezi marefu, bila pigo.* Apumzike siku tatu, apime tena. Ikitoweka na tansio ni nzuri, sawa. Ikibaki, inatafutwa sababu, pamoja na bilharzia (kichocho) kama huoga mtoni.

*Kijana anaficha, anaogopa kutolewa timuni.* Usimhoji mbele ya wenzake. Mimi huwapima wote, mstari mmoja, mwanzo wa msimu na katikati. Hapo hakuna anayetengwa, na nina namba ya kila mmoja kabla hajaumia, ya kulinganishia.

*Ekografi imeonyesha ana figo moja tu tangu kuzaliwa.* Hutokea. Wengi hucheza maisha yao yote. Zungumza na dokta kuhusu ngumi na judo, na tansio apimwe kila mwaka hata asipoumia.

*Je, atacheza tena?* Mshambuliaji wa Kroatia, Ivan Klasnić, figo zake zilikufa kabisa. Mwaka 2007 alipandikizwa figo, na mwaka 2008 alifunga magoli kwenye Kombe la Ulaya. Golikipa wangu hakufika huko. Alitibiwa, alikaa nje miezi minne, alirudi kwanza mazoezini bila kugongana. Jumamosi iliyopita mashine iliandika 117/73. Nimemwambia alete daftari tena tarehe 1 ya mwezi ujao, na alikojolee chupani hata kama anasikia aibu.